Kadi Moja ya Nyumba ya Zaida

Haula binti Pazi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kijiji kizima, huko kaskazini ya Palma karibu na mto Ruvuma, ng'ambo ya mpaka, kilijua kwamba ukienda kituo cha afya na uongo wako, nesi huyu atakuumbua mbele za watu. Baba yake alikuja kutoka Mtwara na mabunda ya vitenge, akaoa, asirudi tena. Yeye akazaliwa Mocímboa da Praia, akasomea uuguzi Pemba, akaolewa na Chamsudine, mpakuaji wa mizigo bandarini. Mwaka 2020 Chamsudine aliuawa kwa mapanga na wapiganaji wa porini, mlangoni pake, Haula akiwa chini ya kitanda ameuma kanga asisikike. Kijijini alikokimbilia, watu walidhani ana roho ngumu. Wapi! Alikuwa na hasira tu, na hasira ilimwamsha kila asubuhi akaenda kazini.

Mwaka jana shirika moja lilileta tableti mbili zinazosomana, moja yake na nyingine ya Ussi, msaidizi wake, mzee wa miaka hamsini na ushei aliyeanza kazi kituoni kwa kupiga deki. Ndani ya mashine hizo, walivyoelezwa, mna wasaidizi wanne wasio na mwili. Wa kwanza anapewa mapigo ya moyo na presha, naye anasema nani yu hatarini. Wa pili anajua dawa. Wa tatu anapanga nani apandishwe gari kwenda hospitali kubwa. Hao watatu kila mmoja huandika lake kwenye kadi ya mgonjwa, na wa nne, ambaye Ussi alimbatiza jina la Chefe, yaani mkubwa, huyasoma yote na kutoa uamuzi mmoja. Haula aliwapenda kuliko wengi aliopata kufanya nao kazi. Hawakuchelewa, hawakununa, na hawakupeleka dawa za kituo kwa shemeji zao.

Ila walikuwa na ubishi mmoja: bila namba ya kadi hawafungui mdomo. Na nusu ya kijiji walikuwa wakimbizi ambao kadi zao ziliungua pamoja na nyumba. Kadi mpya zilikuwa zinakuja, zinakuja, haziji. Haula akakata shauri mwenyewe. "Leteni kadi yoyote iliyobaki nyumbani," aliwaambia akina mama, nao hawakuona ajabu, maana tangu kukimbia walikuwa wanachangia sufuria, mkeka na mswaki wa mti mmoja. Mtoto aliumwa malaria akatibiwa kwa jina la shangazi yake, akapona. Miezi saba mambo yakaenda hivyo. Zaida, mwuza muhogo anayekaa nyuma ya msikiti, alikuwa na kadi moja tu, ya binti yake mkubwa Siwema. Walitibiwa kwayo yeye, Siwema, na Zuleica mdogo mtu.

Jumanne, saa nne asubuhi, wale wa porini wakaingia.

Walianzia upande wa minazi. Watu sokoni walisikia risasi wakadhani ni tropa, askari wa serikali, wanafanya mazoezi, mpaka walipomwona mwuza samaki anakimbia na mkono wake mmoja ameushika kwa mkono mwingine, unaning'inia kwa ngozi. Nyumba zikawashwa moto watu wakiwa ndani. Mzee mmoja alikatwa shingo mbele ya wajukuu zake, kwa utaratibu, kama anachinjwa mbuzi wa hitima. Iliwachukua tropa karibu saa nzima kufika, na walipofika nao wakapiga risasi kila kilichokimbia.

Kituoni sakafu iliteleza kwa damu. Haula akafunga, akashona, akabana mishipa kwa vidole vyake, akitukana kwa lugha tatu. Zaida akaingia ameshikwa na majirani, kifuani kabana ile kadi, nyuma yake wamebebwa binti zake wawili. Zuleica alikuwa amepasuliwa bega kwa panga, nyama iko nje, anapiga mayowe. Siwema alikuwa kimya. Alikuwa na tundu moja dogo la risasi chini ya kitovu, na damu yake haikutosha hata kulowesha kanga.

Haula hakudanganyika na ukimya ule. Alimpima Siwema kwanza: mapigo mia na thelathini na mbili, presha iko chini. Akaingiza namba ya kadi, akamtundikia dripu na kuiandika. Chefe akajibu papo hapo: anavuja damu ndani, apasuliwe haraka, apewe nafasi ya kwanza garini. Nje alikuwapo Hermínio na pikapu yake, ina magodoro mawili, anangoja kusindikizwa na tropa. Godoro moja lilishapata mtu. La pili likawa la Siwema.

"Ussi, mpime huyo wa bega!" Haula alipiga kelele, akakimbilia chumba cha pili alikoitwa na mtu anayekata roho.

Ussi akafanya kama alivyofundishwa. Akampima Zuleica: mapigo tisini, presha nzuri. Akaomba kadi. Zaida akampa aliyokuwa nayo. Ussi akaandika.

Wale wanne ndani ya mashine hawakuwa na macho. Waliona kadi moja, na mgonjwa mmoja ambaye robo saa iliyopita alikuwa anakufa, akatundikiwa dripu, na sasa ana nafuu. Wa kwanza akafuta hatari. Wa tatu akafuta safari. Chefe akawasikiliza wote, wakaafikiana bila ubishi, na jibu likamtokea Ussi kwa jina lililo kwenye kadi: Siwema.

"Dada Haula!" Ussi aliita mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Siwema katengemaa. Chefe kasema asisafirishwe, nafasi apewe mwingine."

Mkono wa Haula ulikuwa ndani ya paja la Cassamo, mvuvi wa pweza, umekamata mshipa. "Alhamdulilahi," alisema, na alimaanisha. "Basi mpakieni huyu."

Wakampakia Cassamo. Gari likaondoka.

Haula alipomrudia Siwema alimkuta na midomo myeupe, tumbo gumu kama ubao. Akamshika kifundo cha mkono, asipate kitu. Akatafuta shingoni, akapata kidogo. Akatazama tableti: mapigo tisini. Akamtazama Zuleica, akaitazama kadi mkononi mwa Zaida, akaelewa yote kwa mpigo mmoja.

Alimpiga Ussi kofi lililosikika hadi nje. Kisha akakimbia barabarani pekupeku, anaita, "Hermínio! Rudi! Hermínio!" Vumbi la magari lilikuwa limeshafika kwenye kona. Risasi zikalia kutoka kwenye minazi, tropa mmoja akamkamata kiunoni akambwaga chini, akamkalia mgongoni. "Mama, unataka kufa?" Haula akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, na bado yule tropa hakumwachia.

Siwema alikufa saa saba, kwenye mapaja ya mama yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Cassamo alipona.

Jioni ile ile Haula alimwomba Ussi radhi, naye akakubali, akiwa bado na alama za vidole shavuni. Kwa Zaida alishindwa kwenda. Alikaa siku nane akijitafuna, kwa sababu Ussi alifanya alichofundishwa, na mashine ilisoma ilichopewa, na aliyesema leteni kadi yoyote ni yeye.

Siku ya tisa Zaida akaja mwenyewe na Zuleica. Bega lilikuwa limeoza, linanuka, mtoto anatetemeka kwa homa. Dawa iliyobaki ilikuwa ya siku moja. Nyingine ilikuwa ghala la wilaya, na ghala lilitoa kwa namba ya kadi tu.

"Mama Siwema," Haula alisema, bila kuketi, "mimi ndiye niliyemwua mwanao." Akamweleza yote, kadi, namba, gari, hakuficha hata moja.

Zaida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtemea mate usoni, na Haula hakuyafuta.

"Umeshamwandika kuwa amekufa?"

"Bado. Leo ndiyo nilikuwa naandika."

"Ukiandika, huyu atapata dawa?"

"Hapana. Kadi itafungwa."

"Basi usiandike."

Haula akawasha tableti. Wale wanne waliuliza swali lao la kila wiki: mgonjwa yu hai? Kidole chake kilikaa hewani, kisha akabonyeza ndiyo, akaagiza dawa ya siku kumi na nne.

"Jina lake liko wapi hapo?" Zaida aliuliza. Hakujua kusoma. Haula akamwonyesha. Mama akaliwekea kidole jina la mwanawe, akakiacha hapo muda mrefu mpaka kioo kikazima.

"Haya," akasema. "Nitibie huyu aliyebaki."