Mnara Nilioufunga kwa Kamba Mbichi

Nijicheke kwanza mwenyewe kabla hamjanicheka, maana wanafunzi wangu wameshaanza na hawana dalili ya kuacha. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Izimbya, na siku ya wazazi niliaibika mbele ya shule nzima kwa sababu ya kamba ya mgomba.

Klabu yetu ya sayansi haikuwa na chumba. Mkuu wa shule akatuambia tukiwaonyesha wazazi kitu cha maana, stoo ya zamani ni yetu, la sivyo itawekwa mahindi. Basi tukatengeneza roketi ndogo za karatasi, unene wa kidole, zinazorushwa kwa upepo wa pampu ya baiskeli, pamoja na mnara wa kuzirushia: fito tatu zinazoizunguka roketi ili ipande wima, na unazisogeza karibu au mbali kulingana na unene wake. (Wazo la kuzisogeza lilikuwa langu, na nililisema kwa kila mtu, hata kwa muuza maandazi.) Zilibaki skrubu za kukazia, na skrubu zinauzwa Rwamishenye, na mimi asubuhi ile nikaona uvivu wa safari, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaambua kamba mbichi kwenye mgomba, nikafunga.

Baba yangu, Tata, alikuwa amefika jana yake kutoka Muleba. Akaja na kikombe chake cha kahawa, akaugusa mnara.

"Mwanangu, kamba hii mbichi. Ikipigwa jua itanywea, fundo lilegee. Tafuta iliyokauka, uilowanishe kidogo."

Wanafunzi walikuwa wanasikiliza, nami nikataka wajue mtaalamu ni nani.

"Tata, hii ni fizikia, siyo mzigo wa ndizi."

Alimaliza kahawa yake akaenda kuoga.

Saa saba mchana jua linawaka, mnara uko uwanjani tangu asubuhi, mimi nimeshika kipaza sauti natangaza "itapanda wima, wazazi, wima kabisa!", mara nikaona ufito mmoja umeinama, na badala ya kusimamisha shughuli nikauegemeza kwa mguu (kwa mguu, jamani!), mwanafunzi akafungulia upepo, mnara mzima ukalala, roketi ikaenda chini chini hadi kwenye turubai la wageni, ikapita mbele ya pua ya paroko na kuzama kwenye sahani ya mkuu wa shule, ndizi na maharage, mchuzi ukamrukia shati jeupe. Nikaiona stoo inaondoka, nikawaona wale watoto wananitazama, nikachanganyikiwa, nikasema kwa Kihaya kama mtoto wa chekechea:

"Tata, nifanyeje?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Tata akainuka polepole, akaja, akatoa kwenye mfuko wa koti kitita cha kamba kavu, akaomba maji, akazilowanisha, akaanza kufunga upya. Hakuniambia "nilikuonya." Alisema tu, "Shika hapa," nikashika. Roketi ya pili ilipanda wima ikatupotea machoni, na mkuu wa shule akatupa stoo huku akifuta shati.

Kicheko nilikisamehe siku hiyohiyo. Kilichoniuma ni zile kamba kavu: alikuwa nazo mfukoni tangu asubuhi, akingoja nimuulize, nami sikumuuliza mpaka nilipoumbuka. Nimeapa sitamjibu tena mzee kwa shahada yangu kabla sijamsikiliza.

Skrubu nilizinunua, zimekaa tu kwenye kopo, wanafunzi wanataka kamba. Na kila nikiandika swali gumu ubaoni, kuna mmoja nyuma ananong'ona, "Tata, nifanyeje?" Nacheka nao. Jioni nampigia Tata simu, na siku hizi naanza kwa kuuliza.