Sentimita Kumi na Saba za Bi Nagase

Kuwabara Setsu alipata leseni ya udalali wa nyumba akiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya kufeli mtihani mara mbili. Kabla ya hapo alikuwa akishona sare za shule hapo hapo mjini Takaoka, Japani, na wengi waliendelea kumjua kwa kazi hiyo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado haijaisha vivulini, mzee Inaba alipita kumwomba amwandikie mkataba. Nyumba alikwisha kuipata mwenyewe. Muuzaji, Morioka, alikuwa rafiki yake tangu shule. Inaba alikusudia kuibomoa na kujenga nyingine isiyo na ngazi wala vizingiti, kwa kuwa mkewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu apate kiharusi.

"Kuandika tu, mama. Kuonyeshwa nyumba sihitaji, macho ninayo."

"Nipe siku tatu nikaione na mimi."

"Nyie madalali! Hata nyumba ya rafiki yangu mnataka kuinusa."

Akainusa kweli. Alisoma hati kwenye ofisi ya ardhi, kisha akaenda na futi kupima kichochoro cha kuingilia. Kisheria, kiwanja lazima kipakane na barabara kwa upana usiopungua mita mbili; la sivyo, nyumba ikibomolewa, kujenga nyingine hairuhusiwi. Kichochoro kilipungua sentimita kumi na saba. Akachuchumaa, akapima tena kutoka kwenye jiwe la mpaka. Vilevile.

Kuwabara akamwambia Inaba. Morioka hakuwa amemdanganya; hata yeye mwenyewe hakujua. Inaba akasema basi, yaishe. Kuwabara akamwomba asubiri.

Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa Bi Nagase, mjane wa miaka themanini na ushei, ambaye hakuwa amesemezana na Morioka kwa miaka kumi na tisa. Kuwabara alimwendea na boksi la vitumbua vya mchele. Siku ya kwanza hakutaja ardhi. Siku ya pili aliitaja, akajibiwa kwamba ukuta hausogei. Siku ya tatu aliuliza tu ugomvi ulianzaje.

"Theluji ya paa lake inaangukia barazani kwangu," Bi Nagase alisema. "Nilimwambia, akacheka. Alicheka, mwanangu."

Jumapili Kuwabara alimleta Morioka, amevaa koti, naye Morioka akainama mbele ya yule bibi na kukiri kwamba kweli alicheka. Bi Nagase alimwacha ameinama kitambo, kisha akamwambia ainuke, mgongo wake si wa kijana tena. Alikubali kuuza zile sentimita kumi na saba za ardhi kwa sharti moja: paa jipya lielekee upande wa pili. Kuwabara akalitia sharti hilo kwenye mkataba.

Mwezi wa tano mpimaji alisimika mawe mapya. Siku ya kutia muhuri mkatabani, kama kwingine watu watiavyo sahihi, Inaba alisema kwamba angeandikiwa alivyotaka mwanzoni, angebaki na kiwanja cha kupanda vitunguu. Kuwabara akamwonyesha pa kugonga muhuri.

Nyumba ilipokwisha, mke wa Inaba aliingia akisukuma magurudumu mwenyewe, akaenda moja kwa moja jikoni kujaribu kama bomba linafikika. Likafikika.