Mibonyezo Mitatu

Mwanamke wa kwanza kufungua studio ya picha katika mji ule alikuwa na ubishi mmoja ambao hakuna aliyeweza kumwondolea. Wenzake walisema kazi yao ni ya mashine: unabonyeza, unasafisha, unakabidhi. Yeye alikataa katakata. Mashine haijui kungoja, alisema. Mtu akikaa mbele ya kamera huvaa sura aliyotoka nayo nyumbani kwa ajili ya picha, na sanaa yote ni kusubiri mpaka sura hiyo ichoke, iteleze. Kwa hiyo wakamwita Bibi Ngoja. Kaka yake, seremala wa mlango wa pili, alizoea kumtania.

"Wenzako wanapiga picha, wewe unaatamia."

"Ndiyo maana vifaranga vyangu vinafanana na mama zao," alikuwa akimjibu.

Asubuhi moja aliingia Mkuu wa Usalama, mtu ambaye jina lake halikutajwa ila kwa kunong'ona. Walioitwa ofisini kwake, wengine walirudi, wengine hawakurudi. Alitaka picha ya kutundikwa maofisini. Walinzi wawili wakasimama mlangoni.

Bibi Ngoja angeweza kubonyeza haraka akamalizana naye. Lakini mazoea yana nguvu, akangoja. Mara kule kwa seremala ubao ukaanguka sakafuni, paa! Mkuu akageuza macho mlangoni, na kwa muda wa kupepesa jicho uso wake ukavuliwa nguo. Ulikuwa uso wa mtu anayejua kwamba siku moja watamjia na yeye. Kidole cha Bibi Ngoja kikabonyeza kabla akili haijakiruhusu. Kisha akapiga mbili za kawaida, kidevu juu, mabega sawa.

Ndani ya chumba cha giza, picha ile ilipochomoza kwenye dawa, aliisogeza karibu na taa nyekundu. Katika miaka yake ishirini ya studio hakuwahi kufanya kazi kama ile. Akamwita kaka yake.

"Ichome," kaka alisema. "Mdogo wangu, mimi nina watoto."

"Siwezi. Chukua kiberiti uchome wewe."

Akakichukua. Akaitazama picha, akaitazama tena, kisha akakirudisha kiberiti mezani na kutoka bila kuaga. Mchana ule ule aliwapeleka watoto kwa mama mkwe wake.

Siku nne Bibi Ngoja hakumeza kitu zaidi ya chai. Ya tano Mkuu akaja mwenyewe. Bibi Ngoja alimpa bahasha yenye zile mbili. Mkuu akazitazama, akaziweka chini.

"Ulibonyeza mara tatu."

Bibi Ngoja akaenda kuitoa ya tatu chini ya rundo la karatasi, akaiweka mbele yake pamoja na negativu, filamu yake. Mkuu aliiangalia muda mrefu sana, kisha akaigeuza nyuma. Nyuma ya ukuta, randa la seremala likanyamaza.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi peke yangu, Mheshimiwa."

"Kwa nini hii ina muhuri wako nyuma, na hizi mbili hazina?"

Alitaka kusema amesahau. Uongo wa kumlinda kaka ulikuwa umetoka wenyewe. Huu haukutoka.

"Hizo mbili zimepigwa na mashine, Mheshimiwa. Hii nimeipiga mimi."

Mkuu akaitia ya tatu na negativu yake katika mfuko wa ndani wa koti, akachukua bahasha, akaondoka.

Hakuna aliyekuja kumkamata, na hilo ndilo lililomtesa. Picha ya kidevu juu ilitundikwa posta, benki, kila mahali. Alipita chini yake ameinamisha kichwa. Kwa miaka mitatu alilala na viatu miguuni, mpaka Mkuu alipohamishwa. Kaka yake aliendelea kumsalimia kila asubuhi, lakini utani ulikufa.

Baadaye sana, walimu wa sanaa walipoanza kumtembelea na kumwuliza kazi yake bora ni ipi, aliwaambia kwamba hanayo, na hajui kama ilichanwa au ilihifadhiwa. Na kila gari liliposimama nje, aliacha sentensi katikati, akasikiliza mpaka liondoke.