Anayeleta kinywaji aonje wa kwanza

Jumanne nilienda ofisi ya komine, serikali yetu ya mtaa, hapa Kasongo kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Sikukipata, lakini nilirudi nyumbani nikiimba!

Uani, mjumbe wa wafadhili kutoka Kinshasa alikuwa anaonyesha zawadi yao: mashine yenye kipaza sauti. Raia anabonyeza, anauliza swali, kiongozi anajibu humo humo, na redio inawasikilizisha wote. "Hii ndiyo demokrasia," alisema. Mkuu wa komine akatabasamu, huku akirudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa mlango.

Mama mmoja wa Lusangi akatua kidumu chake cha mawese. "Papa, kwetu mwenye kuleta kinywaji ndiye anaonja wa kwanza, tujue haina sumu. Mashine nayo iko vile vile. Onja!"

Vigelegele vikalipuka. Mjumbe akacheka, akaketi mbele ya mashine. Mama akabonyeza: "Ninyi mulioleta hii, nani alituuliza kama tunaitaka?"

Mjumbe akaacha kucheka. Akafuta jasho, akamtazama mama, kisha akainamia kipaza sauti. "Hakuna mutu, Mama. Hatukuwauliza."

Wasomaji wangu, nimeona misaada mingi ikifika hapa na hotuba zake. Sijawahi kusikia mwenye kutoa akijibu hivyo mbele ya watu! Nilidhani mama atakasirika. Alipiga makofi mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Haina sumu!" akatangaza, akaugeukia mlango. "Sasa mupatie mukubwa wetu naye anywe."