Jicho la Shemeji Lisilouma

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi wa mageti. Yeye anachomelea, mimi natafuta wateja na kupatana nao bei, maana kubishana hawezi.

Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulimshika uso upande wa kulia. Malengelenge yakapona, jicho likabaki na ganzi. Badala ya kushtuka, mwenzangu akafurahi! Akatupa miwani ya kazi, akawa anafumba jicho zima na kusogeza lile la ganzi mbele ya cheche.

"Una akili timamu?" nilimfokea.

"Shemeji, haliumi. Wewe uza mageti."

Siku niliyoona doa jeupe kwenye mboni, nilimburuta zahanati. Tabibu akauliza, "Linauma? Haliumi? Basi si dharura, rudini Jumatatu." Nilisimama mlangoni pake, mgonjwa mwingine asipite, mpaka alipoandika barua ya rufaa.

Daktari bingwa alichomoa chembe ya chuma iliyokaa humo siku tatu. Akasema kioo cha mbele ya jicho kina neva; ndizo zinazoamuru kope zipepese na machozi yatoke, ndizo zinazokilisha. Zikifa, kioo kinachubuka, hakiponi, mwisho kinatoboka. Dawa za matone zilishindwa kufunga kidonda.

"Tutoe neva mguuni," alisema, "tuiunge na neva nzima ya paji la uso upande wa kushoto, tuipitishe chini ya ngozi, juu ya pua, hadi jicho la kulia."

"Mguu unapoteza nini?" nikauliza.

"Pembeni ya unyayo patakuwa na ganzi. Kutembea, atatembea."

Shemeji akajikuna. "Naomba nifikirie."

"Ufikirie nini? Unatoa pembeni ya unyayo, unapewa jicho! Ungekuwa muuzaji wewe, tungekufa njaa."

Akapasuliwa. Mwezi wa tano baada ya upasuaji kidonda kilikuwa kimefunga, kovu limebaki. Daktari alipoligusa jicho kwa uzi wa pamba, shemeji alisema amehisi kitu, ila kwenye paji la kushoto.

Mwezi wa nane upepo ulipeperusha vumbi la chuma karakanani. Shemeji alidondosha nyundo, akashika jicho la kulia, machozi yakimchuruzika.

"Linauma! Shemeji, linauma!"

Mafundi wenzake wakashangilia. Mimi nilimtupia miwani kifuani.

"Vaa! Ukiivua tena, neva ya mguu wa pili nakuja kuitoa mwenyewe."