Karavani Niliyomnunulia Mama Mkwe

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Nilitoka Tanga na shati la mwilini. Mpaka mmoja niliupita nimekaa juu ya magunia ya vitunguu, mwingine nimelala chini yake. Hapa Johannesburg nimewahi kuporwa simu, na mwizi akaigeuza, akaitazama, akanirudishia kwa huruma. Shule niliachia darasa la nne. Leo nina duka la vitanda na makabati yaliyotumika pale Bertrams, na nina pikapu yangu mwenyewe, ambayo watu wa huku wanaiita baki. Mlango wa abiria unafungwa kwa kamba, lakini haijawahi kunilaza njiani. Maprofesa wa mji huu wanalalia vitanda nilivyovibeba mimi kwa mgongo wangu. Sasa mtu kama huyo umshangaze na nini?

Nitakwambia.

Mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Tunakaa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, kila chumba na taifa lake. Chetu ni kimoja, nimekigawa kwa kabati: huku kitanda, kule jiko. Siku moja mke wangu akaniambia mama yake anakuja kutoka Tanga kwa ajili ya uzazi.

"Baba watoto, Mama akija, mambo ya kulala yatakuwaje humu? Kama hakuna nafasi sema mapema, mimi nikazalie nyumbani."

Nikamkatisha. "Unamfundisha nani? Mila naijua mimi kabla hujazaliwa. Nafasi itapatikana."

Na kweli naijua. Mkwe ni mkwe. Huwezi kulala na mama mkwe chumba kimoja, mmetenganishwa na kabati, akusikie unavyokoroma na wewe umsikie anavyokohoa. Ni aibu ya kufa nayo. Na mke wangu akipanda ndege kwenda kuzalia Tanga, najua kitakachofuata: atarudi mtoto akiwa anatembea. Watoto wangu wawili wa ndoa ya kwanza walizaliwa kule, mimi nikiwa huku natuma hela. Niliwaona kwa mara ya kwanza wakiwa na meno, wakanikimbia. Huyu wa sasa, wa utu uzima wangu, nilitaka nimsikie akilia siku ya kwanza.

Kupanga chumba kingine kwa mwezi ilikuwa bei ya wizi. Nikawaza kama mfanyabiashara: uani pale nyuma pana nafasi, karavani ingeenea. Nyumba ya magurudumu, ina kitanda, ina sinki, ina pazia. Mkwe angelala kama malkia. Nikatafuta kwenye simu, nikapata moja kwenye shamba dogo nje ya Benoni. Mwenye nyumba wetu akakubali ikae uani, kwa malipo yake.

Jumamosi asubuhi nikaondoka na jirani yangu Mkongomani, fundi wa magari, mlokole wa kukesha. Yeye ananiita Yaya, maana yake kaka mkubwa, ingawa ndevu zake ni nyeupe kuliko zangu.

Muuzaji alikuwa bibi wa Kizungu, mwembamba, mwenye mbwa watatu. Karavani ilikuwa chini ya mti, rangi ya maziwa yaliyoganda. Nikaigonga ubavuni kwa ngumi kama ninavyogonga makabati, nikaingia, nikalalia godoro, nikafungua droo. Safi. Nikamshusha bei mpaka akacheka.

"Mume wangu hataki kuiona ikiondoka," alisema. "Ametoka nje tangu mlipofika. Ana ndoa mbili yule, mimi na hiyo."

Tukaingia jikoni kwake kutia saini na kunywa kahawa na biskuti ngumu kama matofali. Kwenye karatasi palikuwa na neno la Kikaburu, voetstoots, maana yake unachukua kitu kama kilivyo na kila kilichomo, baadaye usije kulalamika. Nikasaini kwa mbwembwe. Mimi ndiye huwaambia wateja wangu hivyo hivyo, leo ananiambia mtu mwingine! Tukaifunga karavani nyuma ya baki, nikapiga honi, tukaondoka.

Kwenye barabara kuu baki ilinguruma, lakini ilivuta. Nikawa nachapa hadithi za ujanja wangu, mkono mmoja dirishani. Nikainua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Pazia la dirisha la mbele la karavani likafunguka.

Polepole, upande mmoja, kisha upande wa pili. Katikati pakatokea uso, mweupe kama unga wa muhogo, una ndevu nyeupe, nywele zimesimama. Ukanitazama. Ukafumbua mdomo.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Majini kwetu hatusimuliwi, tunaishi nayo mtaa mmoja. Na kila mtoto wa kwetu anajua: kiumbe kikipanda chombo chako, husimami njia tupu kukishusha. Hugeuki, hukisemeshi. Unasoma, na unakwenda mpaka penye watu wengi.

"Unaona ninachokiona?" nikasema bila kutikisa midomo.

Jirani akageuka, maana kwao hawana adabu hiyo. Akapiga yowe. "Yaya! Iko muntu ndani! Hapana, haiko muntu! Usisimame!"

"Nani anasimama? Omba!"

"Ninaomba! Na weye omba!"

Nikaanza Ayatul Kursi kwa sauti, yeye akaanza kukemea kwa jina la Yesu, kila mmoja akimfunika mwenzake. Nikakanyaga mafuta. Nyuma tukasikia kugongwa kwa kioo, ko ko ko, kama kwa kijiko.

"Inataka kuingia!" Jirani alikuwa amekumbatia kamba ya mlango. "Shetani, shuka! Shuka Boksburg!"

Kadiri tulivyokwenda kasi ndivyo lile jini lilivyogonga kwa hasira. Magari yalitupita, watu wakitunyooshea vidole. Mwanamke mmoja alishusha kioo akapiga kelele, nikampungia mkono kumwambia najua, dada, najua, tunashughulika. Kisha pakasikika mlio kama bunduki. Karavani ikayumba, baki ikavutwa huku na kule, nikashikilia usukani kwa mikono na magoti mpaka tukasimama kando ya barabara, moshi wa mpira ukinuka.

Tairi la karavani lilikuwa limepasuka.

Tulikaa. Hakuna aliyetaka kushuka wa kwanza.

"Weye ndiye uliyenunua," jirani akasema.

"Wewe ndiye mlokole."

Mlango wa karavani ukafunguka wenyewe. Akashuka mzee wa Kizungu, kaptula ya kaki, soksi ndefu, hana viatu. Akatembea mpaka dirishani kwangu, akatoa mfukoni mashine ya kusikilizia, akaiingiza sikioni.

"Kijana," akasema, "umeruka taa nyekundu, umeniamsha, na sukari yangu yote imemwagika."

Alikuwa mume wa yule bibi. Tulipokuwa tunakunywa kahawa, yeye aliingia kuiaga karavani yake. Akajilaza kidogo kwenye kitanda alichokitengeneza kwa mikono yake, akatoa mashine sikioni, usingizi ukamchukua. Jini lilikuwa mstaafu.

Nikacheka? Sikuweza. Sasa nilianza kuogopa kitu cha kweli: mimi, mgeni, mweusi, nina mzee wa Kizungu bila viatu nyuma ya gari langu, na nimemkimbiza wakati anagonga kioo akiomba msaada. Simu yangu ikalia. Bibi.

"Umeniibia mume!"

"Mama, si mimi, ni yeye..."

"Karatasi inasema kila kilichomo ndani. Haisemi mume!"

Hapo hapo gari la askari wa barabarani likasimama nyuma yetu. Niliona mambo yote kwa mpigo: mimi korokoroni, karavani kwenye yadi yao, kesho mama mkwe anatua uwanja wa ndege hana pa kulala, mke wangu anafunga mizigo. Na mwanangu ananikimbia akiwa na meno.

Askari alikuwa mama mnene mwenye miwani. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi, mama."

"Na huyu mzee alikuwa wapi?"

"Ndani ya karavani."

"Alipogonga, kwa nini hukusimama?"

Nikamtazama jirani. Jirani akatazama mbingu. Nikaona hata uongo sina. "Tulidhani ni jini."

"Nini?"

"Tokoloshe, mama," jirani akamsaidia kwa jina la jini la huku.

Yule mama alimtazama mzee, soksi, ndevu, akatutazama sisi. Akavua miwani. Alicheka mpaka akashikilia gari letu, akamwita mwenzake aje asikie, tukasimulia tena. Mzee naye akaapa kwamba alipanda mwenyewe, hakuna aliyemteka. Wakaniandikia faini ya kuvuta karavani yenye mtu ndani, na nyingine ya tairi. "Eish, tokoloshe," mama alisema akiondoka, akiyafuta macho.

Mzee akatoa tairi la akiba chini ya kitanda, jirani akalifunga. Nikamwambia nitamrudisha nyumbani sasa hivi. Akakataa. Alitaka kuona itakaposimama. Tukampigia mkewe.

"Kaeni naye mpaka jioni," bibi akasema. "Nami nipumzike."

Basi tukaingia Bellevue na Mzungu wetu katikati ya viti viwili, mtaa mzima umetoka nje. Aliielekeza karavani mpaka uani, akaiwekea matofali magurudumuni, akaimwagia maji kidogo sakafuni kuona kama imelala sawa. Mke wangu akamtengea chai na vitumbua. Kabla ya kuondoka aliupapasa ule ukuta wa bati kama mtu anayempapasa ng'ombe.

Kesho yake nikamleta mama mkwe kutoka uwanja wa ndege. Sikumwingiza chumbani. Nilimpeleka moja kwa moja uani, majirani wote wanatazama, nikafungua mlango wa karavani. Shuka mpya, udi nimefukiza, taa inawaka.

"Mama," nikasema, macho chini kama inavyotakiwa, "hiki chumba chako."

Akachungulia. Akabonyeza godoro. "Mashaallah. Kizuri." Kisha akageuka kwa binti yake. "Mbona nguo za mumeo hujazileta huku?"

Nikadhani uchovu wa safari. "Mama, ni chako wewe."

"Changu? Mwanangu, mimi arobaini nzima nitalala wapi kama si ubavuni mwa mzazi na mjukuu wangu? Nani atamkanda kwa maji ya moto alfajiri, wewe?"

"Lakini..."

"Au huko Tanga ulikotoka wewe, mwanamume analala chumba cha mzazi?"

Majirani wakaziba midomo wasicheke. Jirani yangu Mkongomani akajifanya anakagua tairi.

Nikamvuta mke wangu pembeni. "Ulijua?"

"Kila mtu anajua. Mume anahama mpaka arobaini iishe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, ukasema mila unaijua kabla sijazaliwa. Ulipoleta karavani nikasema, mume wangu ana akili, amejinunulia pa kulala."

Mara mbili nimekuwa baba, na sikuwahi kuwepo hata siku moja ya arobaini. Hela ilifika Tanga, mimi sikufika. Ningejulia wapi?

Nikahamisha nguo zangu mwenyewe.

Binti yangu alizaliwa wiki iliyofuata. Mimi kipindi chote cha arobaini nililala kwenye kitanda cha Mzungu, mvua ya mawe ikipiga bati, na ukuta wa chumba chetu ukiwa mkono mmoja kutoka kichwani kwangu. Kila alipolia nilimsikia, kuanzia usiku wa kwanza. Mama mkwe alikuwa akigonga ukuta kwa kijiko, ko ko ko, kunijulisha kwamba amenyamaza, nilale. Na kila mara, wallahi, nilishtuka upya.

Karavani, tairi jipya, faini zote mbili, mafuta ya kumrudisha mzee, sukari yake na malipo ya uani: randi elfu kumi na tisa, mia nane sabini na tano.