Mkate Uliofichwa Randburg

Mzizi ule mweupe ulikuwa mkali kuliko tangawizi, na mkali kuliko pilipili ya kwetu Bukavu. Ulipokunwa, ukumbi mzima ulijaa ukali uliochoma pua na kuwatoa watu machozi, nao wakicheka huku wakijifuta kwa viganja. Harufu hiyo hunirudisha hadi leo katika ukumbi wa kupangisha uliokuwa juu ya duka la matairi, Randburg, jioni ya Jumamosi tarehe 7 Aprili 2001. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na sikujua kusoma hata jina langu. Ninazitaja tarehe kwa makusudi: aliyeanza shule akiwa mkubwa huzishika tarehe kama mwanamke anavyoushika mkoba wake sokoni, kwa kuwa anajua jinsi kitu kinavyopotea kwa urahisi.

Tulifika Johannesburg kutoka Kongo mwezi Juni 1998, mama na mimi. Mama alikuwa fundi cherehani, na mashine yake aliiweka katika kibaraza cha jengo tuliloishi, mtaa wa Yeoville. Shule mbili zilinikataa kwa sababu ya karatasi ambazo hatukuwa nazo. Nilishinda miguuni pa mama nikiokota vipande vya nguo na kuwatazama watoto wa sare wakipita. Hakuna kitu mama alichokitaka kama kuniona katika sare ile, na hakuna alichokiogopa kama hisani ya mgeni. Mdogo wake alifariki Bukavu baada ya kula ndizi aliyopewa na rafiki, na nyumbani kwetu hakuna aliyesema alikufa kwa ugonjwa. Walisema ni karuho, ile sumu ya polepole inayotiwa katika chakula kwa tabasamu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama alishtuka kwa kila sahani ambayo hakuipika mwenyewe.

Jumanne tarehe 16 Januari 2001 alisimama mbele ya mashine mwanamke wa Kizungu mwenye kitambaa kichwani. Mama aliinua macho akitafuta Kiingereza chake kidogo, lakini mgeni akamtangulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi. "Jambo, mama. Minaomba unishonee mufuko mweupe, wa vyumba tatu." Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali. Yule alikuwa Madame Ruth, binti wa Wayahudi waliokuwa na duka Lubumbashi zamani za Wabelgiji. Yeye na mumewe, Mzee Danieli, waliongoza kusanyiko dogo la Wayahudi wanaomwamini Yesu, ambaye wao walimwita Yeshua. Alituambia yote hayo akiwa amesimama, bila kuulizwa. Kisha akanitazama akauliza kwa nini sikuwa shuleni. Mama alipomweleza, alisema kwamba kusanyiko lao lingeweza kunifundisha herufi kila Jumamosi, na kwamba mumewe alimfahamu mwalimu mkuu mmoja.

Mzungu anayejua Kiswahili lilikuwa jambo la kwanza la kutilia shaka. La pili lilikuwa mfuko wenyewe. Jirani yetu Mama Nzigire, mshiriki wa kanisa la maombi ya kufunga lililokutana katika gereji, aliuinua mfuko ule ulipokamilika, akatia mkono katika kila chumba.

"Mama Furaha, weye unashonea watu usiowajua mufuko wa vyumba tatu, na hauulizi kitatiwa nini? Utakuja kushangaa jina la mutoto wako ndilo limo mule."

"Na weye ulishauliza pasta wako mafuta yake ya upako anayatoa wapi?" mama akamjibu bila kuinua kichwa.

Alijibu kwa ukali, lakini usiku ule aliupindua mfuko nje ndani akakagua mishono ambayo aliishona kwa mikono yake mwenyewe. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mama aliligeuza neno hilo kwa njia yake: mkono uliojaa ukinyooshwa kwako bila sababu, utazame vidole.

Hata hivyo alinipeleka. Kila Jumamosi tulipanda teksi, zile basi ndogo za abiria, hadi Randburg, nami nikajifunza A na B kwa watu waliosali siku ambayo si ya kanisa, waliopuliza pembe ya kondoo, na ambao hawakugusa nguruwe. Mama aliketi karibu na mlango, mkoba mapajani, akisubiri waniite kwa jina jipya. Hawakuniita. Jumapili moja adhuhuri tulifuatana nao walipotoka kugawa vijikaratasi vya habari za Yeshua mbele ya maduka, maana huo ndio ulikuwa wito wao, kuwapelekea Wayahudi wenzao Masihi. Mzee mmoja mwenye kofia nyeusi alikipokea kijikaratasi, akakisoma, akakirarua mbele ya Mzee Danieli. Alimwambia maneno ambayo Madame Ruth hakututafsiria mpaka mama aliposhikilia. "Amesema sisi tunaiba roho za watu," alisema mwishowe. Mama alinivuta karibu. Wakristo wa Mama Nzigire waliwaona si kanisa, Wayahudi waliwaona si Wayahudi, na mama aliona kwamba mtu anayekataliwa na ndugu zake hana budi kutafuta watoto wa wengine.

Ndipo ikaja jioni ya Pasaka yao. Tulialikwa, na kukataa kungemaanisha kumkosa yule mwalimu mkuu. Jua lilikuwa bado kwenye madirisha tulipoketi. Mezani palikuwa na mfupa wa kondoo uliochomwa, bakuli la maji ya chumvi, mzizi ule mkali, divai nyekundu, na kikombe kilichojazwa mbele ya kiti kisichokaliwa na mtu. Madame Ruth alitueleza kila kitu: chumvi ni machozi ya utumwani, mzizi ni uchungu wake, kikombe ni cha nabii atakayekuja. Mama aliitikia kwa adabu, kisha akaninong'oneza: "Mufupa, chumvi, muzizi, kitambaa cheupe. Kwetu mutu anayekusanya hivi vyote pamoja, tunajua anaitwa nani."

Mzee Danieli aliuchukua mfuko wa mama. Katika kila chumba mlikuwa na mkate mwembamba usiotiwa chachu. Aliutoa ule wa katikati, akauvunja, akaifunga nusu yake katika kitambaa cheupe, akawaamuru watoto wafumbe macho ili akaifiche. Watoto wote tulifumba. Mama hakufumba. Baada ya chakula tuliruhusiwa kuutafuta. Mimi ndiye niliyeuona, nyuma ya pazia. Niliuinua juu, ukumbi ukapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono.

"Usikule."

Sasa, desturi yao ni kwamba karamu haiwezi kumalizika mpaka kipande kile kirudi na kuliwa na wote, na mtoto aliyekipata ana haki ya kudai zawadi kabla ya kukirudisha. Kwa hiyo walipomwona mama amekishikilia, walicheka kwa furaha. Walidhani anapandisha bei! Mwanamume mmoja alipaza sauti kwamba watoto wake huomba baiskeli. Mzee Danieli alitania kwa kupiga magoti, na Madame Ruth, akicheka, akatafsiri: "Anauliza, unataka nini ndipo umurudishie?"

"Ananiuliza bei ya mutoto wangu?"

Kicheko cha Madame Ruth kilikatika. Alizaliwa Kongo, alijua mkate wa mgeni unavyoogopwa. Alimnong'oneza mumewe, naye akainuka polepole. Mama alisema, na Ruth akatafsiri bila kupunguza neno: "Mukule ninyi kwanza. Wote. Mimi nione."

Walikula. Mzee Danieli alianza, kisha mkewe, kisha meza moja baada ya nyingine, na mama akizitazama koo zao. Bibi mmoja asiye na meno alikimung'unya kipande chake kwa muda mrefu mno, na mama akamsubiri mpaka akameza. Ndipo aliposema alichotaka. "Asome. Shule ya serikali, kwa jina lake Furaha. Si lenu, si la mutu mwingine." Mzee Danieli aliitikia kwa kichwa. Kipande changu sikupewa. Mama alikila yeye, kwa macho makavu, kisha juma zima akajisikiliza tumbo.

Niliingia darasani Jumanne tarehe 24 Julai 2001, nikiwa mrefu kuliko wote, na Mzee Danieli ndiye aliyezungumza na mwalimu mkuu kwa niaba yetu. Mpaka leo sijui kwa yakini kama walinitaka mimi au walitaka nafsi moja zaidi ya kumsimulia Mungu wao. Mama hakula tena kwao, wala hakuacha kukaa mlangoni.

Nilikua, nikaolewa, na Machi 2019 nikafiwa na mume wangu. Sikuomba kitu kwa ukoo wake. Ninapika maandazi na kuyauza karibu na stendi ya teksi za Randburg. Tangu uvumi kwamba chakula cha wageni kina sumu uanze kuzagaa mjini, akina mama huwashika watoto wao mikono mbele ya meza yangu. Wengine ni wateja wa zamani. Kwa muda mrefu niliwatazama kwa kiburi, nikiwaacha wapite. Ni rahisi kumdharau anayekushuku. Waliotudharau mimi na mama walikuwa wengi, na ni ukumbi mmoja tu uliotuuliza tunataka nini.

Mwezi uliopita mama mmoja alimvuta binti yake kwa nguvu hadi mtoto akalia. Nilimwuliza kwa Kizulu changu kibovu: "Dada, unataka nini ndipo uniamini?"

Alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Eish. Nataka kuona unapopikia."

Chumba changu kiko hatua chache tu kutoka pale. Nilimfungulia mlango. Aliingia bila kunishukuru, akafunua masufuria yangu yote, akanusa unga, akanusa mafuta, huku binti yake akisubiri nje mikono mitupu. Alipotoka hakununua kitu. Alisema tu kwamba kesho atapita tena, na nisifunge mlango.

Sikuufunga.